Mlima Uliofunikwa Chumvi

Nilifanya kosa mbele ya vijana zaidi ya thelathini, na kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia historia hii. Ngoja nieleze.

Kazi yangu ni kukaa na vijana. Hapa Nyakiyumbu, jirani na Bwera, kundi letu lina watoto wa Kikonzo waliozaliwa hapahapa na wengine waliovuka mpaka na wazazi wao kutoka Kasindi, Mutwanga na Beni. Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani. Nikatoa karatasi mbili nilizokuwa nimechapisha mjini. Ya kwanza ilikuwa picha ya zamani ya barafu ya Rwenzori, nyeusi na nyeupe: barafu nene imeshuka kati ya miamba mpaka mbali. Ya pili ni ya miaka ya karibuni, mlima uleule: miamba mitupu, na barafu kidogo imebaki juu kama shuka iliyochanika. Nikazibandika ukutani. Kelele zote zikaisha, na wanaowajua vijana wangu wanajua hilo si jambo dogo.

Halafu nikaharibu. Kijana mmoja akauliza, "Sasa hiyo barafu yote ilienda wapi?" Nikamjibu bila kufikiri: "Si imeyeyuka? Ndiyo hiyo inatushukia kwenye mafuriko." Wote wakakubali kwa vichwa. Nani hapa hajui mafuriko? Lhubiriha ikijaa pale Mpondwe kila mtu anajua, na Nyamwamba ya kule Kilembe imeshasomba nyumba, madaraja na hata majengo ya hospitali.

Mama mmoja mzee alikuwa amesimama mlangoni kwetu, amejikinga mvua. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi hii mito nimeiona ikijaa tangu nikiwa mtoto. Na siku zile nzururu ilikuwa nyingi huko juu." Nzururu ni theluji kwa Kikonzo, na hapo ndipo jina la Rwenzururu lilipotoka. Nikamwambia, "Asante, mama," nikaendelea na mambo mengine. Lakini usiku maneno yake yakanirudia. Kama mito ilikuwa inajaa wakati barafu bado ipo nzima, mimi jibu langu nilikuwa nimelitoa wapi? Sikulisoma popote. Nilikuwa nimetazama picha mbili, zikanishika, nikaziwekea mdomoni maneno ambayo hazikusema.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ile picha ya zamani ilipigwa na nani, lini, na inasema nini hasa.

Turudi kwanza kwenye wakati ambapo hakukuwa na picha yoyote. Mtu anaweza kukaa chini ya mlima huu mwaka mzima asione barafu yake, maana mawingu hayatoki na vilima vya mbele vinaficha vilele. Henry Morton Stanley alipiga kambi karibu na Ziwa George mwaka 1876, chini ya mlima wenyewe, akaondoka bila kuiona barafu iliyo juu. Miaka 12 baadaye akarudi na msafara mwingine, na wengi katika wapagazi wake walikuwa Wazanzibari. Mwezi Aprili 1888 maofisa wake wawili, Parke na Jephson, waliona weupe kwa mbali. Tarehe 24 Mei, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara akamwonyesha Stanley mlima akisema umefunikwa chumvi. Stanley akatazama vizuri, akaelewa ni theluji. Vitabu vikaandika kwamba Stanley ndiye aliyeutambulisha mlima kwa dunia. Jina la yule kijana sijaliona.

Mimi hiyo habari ya chumvi naipenda sana. Kijana alitaka kueleza kitu ambacho hajawahi kukishika, akachukua kitu cheupe anachokijua. Mtu wa huku kwetu angesema vilevile, Katwe si mbali, na chumvi tunaiona imerundikwa kando ya ziwa. Kumweleza mtu sayansi ni kazi hiyohiyo: unaanza na kitu ambacho tayari anacho mkononi. Ila chumvi ile ilihitaji mtu wa kutazama mara ya pili. Mafuriko yangu ya Jumamosi hayakupata mtu huyo mpaka mama alipofungua mdomo.

Wakonzo wenyewe hawakuhitaji kuonyeshwa kitu. Kwao Nzururu ni baba wa Kitasamba na Nyabibuya, wanaoshika uhai wa watu na uzao wao. Na Wanande wa upande wa Kongo, ambao lugha yao na Kikonzo ni kama ndugu wa nyumba moja, wanautazama mlima huohuo kutoka Mutwanga. Mpaka wa nchi unapita juu kabisa, kwenye vilele.

Picha yangu ya ukutani ilitokana na safari ya mwaka 1906. Mkubwa wa safari alikuwa Luigi Amedeo di Savoia, mjukuu wa mfalme wa Italia, aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi. Walishukia Mombasa, wakapanda treni mpaka Ziwa Victoria, wakavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha kwa miguu mpaka Fort Portal na kuingia bonde la Mubuku. Kambi yao kuu ya mlimani ilikuwa Bujongolo, chini ya jabali lililoinama kama paa. Tarehe 18 Juni 1906 Duke alifika kwenye kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Milima mingine ikapewa majina ya Wazungu waliopita Afrika: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Kupanda huko na kubandika majina si ndiko kunakonivutia. Mtu ninayemtafuta ni mpiga picha wao, Vittorio Sella.

Sella alizaliwa mwaka 1859 Biella, kaskazini mwa Italia, kwenye familia ya viwanda vya nguo za sufu. Baba yake aliandika kitabu cha mafunzo ya upigaji picha, kimojawapo cha mwanzo kabisa kwa lugha ya Kitaliano, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye harufu ya dawa za kusafishia picha. Usifikirie simu mfukoni. Kamera za kazi yake zilikuwa masanduku makubwa yanayosimama kwa miguu mitatu, na kila picha moja ilikuwa mzigo wa kuangalia usilowe wala usivunjike. Rwenzori hukaa kwenye mvua na ukungu siku nyingi za mwaka. Ilibidi apande, asimike kamera, angoje wingu lifunguke, na wingu likigoma ashuke apande tena siku nyingine. Tena hakupiga kilele kimoja tu chenye kupendeza. Alipiga mfululizo, picha moja ikishikana na nyingine, mpaka safu nzima ya milima inazunguka mbele yako. Yale magogo manene yenye vichwa kama kabichi, yanayoota huko juu tu, nayo yamo, na maziwa, na ncha ya kila barafu pale inapoishia kwenye mawe.

Mwanzoni mwa 1907 Duke alisimama London mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia akaeleza safari, na mwaka 1908 kitabu kikubwa kikatoka kwa Kiingereza, kimeandikwa na Filippo De Filippi, daktari ambaye mwenyewe hakuwepo safarini. Aliandika kutoka kwenye madaftari ya wenzake, na picha za Sella zikabeba kitabu. Watu ambao hawangeweza kufika Entebbe maisha yao yote walifungua kurasa wakaona barafu kwenye ikweta.

Wakati ule hakuna aliyezipiga ili kupima kupungua kwa barafu. Zilikuwa za kuonyesha mahali papya kwa Wazungu. Zimegeuka kipimo baadaye, na zimeweza kugeuka kwa sababu moja ya kawaida sana: tarehe inajulikana na mahali pa kusimama panajulikana, na safari hiyohiyo ilichora ramani. Mwamba hauhami. Ukiona kwenye picha ya 1906 kwamba barafu inagusa jabali fulani, unaweza kupanda leo ukasimama kwenye jabali hilo na kutafuta barafu iko wapi. Hata pale Sella alipoweka kamera panapatikana. Unatazama vilele viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Ukisogea hatua chache kulia, cha nyuma kinajitokeza, ukirudi kushoto kinajificha. Unasogea hivyo mpaka mlima ukae kama ulivyokaa kwenye karatasi. Nimejaribu na vijana kwa kutumia mti wa mwembe na mnara wa simu, inafanya kazi.

Sasa hesabu. Mwaka 1906 barafu yote ya Rwenzori ilikadiriwa kufika kilomita za mraba 6.5. Kwa sisi watu wa shamba, hizo ni kama eka 1,600. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kilomita za mraba 2 hivi. Mwaka 2003 haikufika hata moja, ilikuwa 0.96, yaani kama eka 240. Hesabu hizo za karibuni zilitolewa na kundi la Richard Taylor wa London pamoja na Waganda, wakiwemo Bob Nakileza wa Makerere na Callist Tindimugaya wa idara ya maji, wakazichapisha mwaka 2006. Walitumia satelaiti za Landsat. Satelaiti hiyo haioni mtu wala nyumba yako: nukta moja ya picha zake ni mita 30 kwa 30, kama sehemu ya nane ya uwanja wa mpira. Unahesabu nukta nyeupe. Shida ni kwamba wingu nalo ni jeupe, na theluji iliyoanguka jana usiku nayo ni nyeupe, kwa hiyo kila hesabu ina "zaidi au pungufu" yake. Walioandika walilisema hilo wazi. Wanaonakili huliacha.

Kuna pengo moja linalonigusa. Kati ya 1997 na 2001 hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kwa sababu ya waasi wa ADF waliojificha milimani. Watalii hawakupanda, na watafiti nao njia yao ikafungwa. Satelaiti ilipita juu kama kawaida, lakini kwa jicho la binadamu aliyesimama chini, miaka hiyo mlima haukutazamwa. Wasomaji wengi wa kijitabu hiki wamekimbia vita ya watu haohao kutoka upande wa pili. Nilikuwa najua vita inafunga shule na soko. Sikuwa nimefikiri kwamba inafunga hata kupima barafu.

Baada ya hapo picha zikaanza tena. Klaus Thymann, mpiga picha wa Denmark, na shirika lake la Project Pressure wamepanda mara kadhaa, wakipiga picha kwa kamera na kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na mwaka 2024 walikuwa pamoja na UNESCO na mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Walikuta barafu kubwa iliyobaki, ile ya Mlima Stanley, imepoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake tangu 2020. Miaka minne tu. Wale wa 2006 walikuwa wamekadiria kwamba barafu yote ingekwisha ndani ya miaka 20 hivi. Kulikuwa na ubishi pia: Taylor na wenzake walisema sababu ni joto la hewa kupanda, wengine, kama Thomas Mölg, wakajibu kwamba hewa kuwa kavu zaidi na mawingu kupungua ni lazima viingie kwenye hesabu. Na matope yaliyochimbwa chini ya maziwa ya mlimani yanaonyesha barafu ilianza kurudi nyuma karibu na mwaka 1870, yaani Sella alipofika, ilikuwa tayari inapungua. Picha yangu ya "zamani barafu ikiwa nzima" haikuwa ya barafu nzima.

Na mafuriko je? Hapa ndipo aibu yangu ilipokamilika. Kundi hilohilo la Taylor na Waganda lilipima maji ya mto Mubuku, unaotoka kwenye barafu kabisa. Waliona kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yote ya mto unapofika chini ya mlima, kiangazi na masika. Chota jerikeni 50 pale chini: maji yaliyotoka kwenye barafu hayajazi jerikeni moja. Nyingine zote ni mvua, na maji ya mabwawa na misitu ya juu inayonyonya mvua na kuiachia polepole.

Mafuriko ya Nyamwamba ya tarehe 1 Mei 2013 watafiti waliyafuatilia hatua kwa hatua. Mvua kubwa ilinyesha sehemu za juu. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeunguza eneo kubwa la mimea juu ya bonde, ardhi ikabaki wazi. Miteremko ikaporomoka, mawe na magogo yakaingia mtoni, na mto ukashuka Kilembe ukiwa umebeba mlima ndani yake. Mei 2020 mito kadhaa ya Kasese ilijaa tena kwa mvua. Barafu haikuhusika na haya kwa kiasi cha kutajwa.

Mtasema, kosa dogo, mwalimu wa vijana kachanganya mambo. Lakini fikirieni. Mtu akiamini mafuriko yanaletwa na barafu inayoyeyuka, atafanya nini? Atangoja iishe. Kuna hata mtu mzima aliyeniambia, bila mzaha, kwamba barafu ikikwisha mito itatulia na tutaweza kulima mpaka ukingoni. Mtu akijua ni mvua juu ya ardhi iliyoachwa wazi, ataangalia moto wa kiangazi, atauliza nani anakata miti kwenye mteremko, na hatajenga kibanda chake pale mto ulipopita mara ya mwisho. Waliokuja kutoka Kongo ndio mara nyingi wanaopata viwanja vya mtoni, kwa sababu ndivyo rahisi. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya vijana nikasema: nilikosea. Nikaleta ndoo, nikaeleza jerikeni 50. Yule kijana wa swali la kwanza akasema, "Kwa hiyo picha ilidanganya?" Nikamwambia picha haikudanganya, barafu kweli imekwenda. Mimi ndiye niliyedanganya nikiwa nimesimama pembeni yake.

Barafu ina maana yake nyingine. Ni shahidi wa hewa ya huku kwetu, mahali ambapo vituo vya kupima joto ni vichache. Na kwa wazee ambao Nzururu kwao ni baba, hesabu ya asilimia 2 haiwafuti machozi. Hilo nalo ni la kuandikwa chini ya picha.

Jambo jingine la picha za 1906. Waongozaji wa Duke kutoka Courmayeur, kwao milimani Italia, majina yao yanajulikana: Petigax baba na mwana, Ollier, Brocherel. Wakonzo waliobeba mizigo mpaka Bujongolo, kwenye baridi ile na bila viatu, wengi wamebaki "wapagazi". Na sisi je? Nyinyi mnaofanya kazi na mashirika mnatupiga picha nyingi: foleni ya maji, watoto wakicheka, mama na mtungi. Siwalaumu, mimi pia napiga. Lakini ikipita miaka mia, mtu akitaka kujua maji yalifika wapi mwaka fulani, ataikuta picha nzuri isiyo na tarehe wala mahali, haimsaidii kitu. Najua kuna wanaoogopa jina lao kuonekana, na wana sababu. Kwa mtu aliyekimbia, jina linaweza kumletea hatari. Basi jina libaki kwenye daftari la mwenyewe. Tarehe na jiwe ulilosimamia havimhatarishi mtu.

Sisi tumeanza kidogo. Karibu na Lhubiriha kuna jiwe kubwa ambalo tumelitia alama ya rangi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kijana mmoja anasimama hapo na simu, anapiga ukingo wa upande wetu, na msichana mmoja anaandika kwenye daftari: tarehe, saa, nani kapiga, mvua ilinyesha lini. Vijana wanalalamika kwamba picha zote zinafanana. Ni kweli, zinafanana. Ya tatu tuliifuta kwa sababu aliyepiga alisimama upande usio wake wa jiwe, akaulizwa kwa nini, akasema huko kulikuwa na kivuli. Ikabidi arudi kesho yake. Yule mama mzee alikuwepo mtoni akifua, akaingia kwenye picha bila kukusudia. Akataka kujua kwenye daftari ameandikwa nini. Msichana akamsomea: maji yako chini, hakuna mvua siku nne, na mtu mmoja anafua. Akasema, "Huyo mtu mmoja ana jina," akalitaja, akangoja mpaka likaandikwa.